Uzoefu wangu wa kubandua ngozi ya uso kwa asidi ya salisiliki

Madoa meusi yaliyoachwa na chunusi kwenye mashavu na kidevu ndiyo yaliyonipeleka kwa daktari wa ngozi hapa Dar es Salaam, wakati chunusi zenyewe zilikuwa zimekwisha tulia kwa dawa ya kupaka ya adapalini. Tiba ya kubandua ngozi kwa asidi nilikuwa nikiisikia zaidi kutoka kwa watu wanaoichanganya na mkorogo, na maelezo ya waliofanyiwa wakiwa na ngozi nyeusi kama yangu yalikuwa machache, ndiyo maana nimeamua kueleza yangu kwa kirefu.

Kilichonipa imani tangu mwanzo ni maswali niliyoulizwa. Kabla ya kutaja dawa yoyote, daktari alitaka kujua kama nina ujauzito, kama aspirini hunidhuru, kwa kuwa asidi ya salisiliki ni ndugu yake wa karibu, kama huwa ninatokwa na malengelenge midomoni, kama nimemeza isotretinoini, dawa ya chunusi kali, miezi ya karibuni, na kama vidonda vyangu vikipona huacha makovu yaliyovimba. Aliuliza pia kuhusu krimu za kung'arisha, tena kwa upole, kwa sababu vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali inayofifisha rangi ya ngozi, vimepigwa marufuku Tanzania lakini havijaisha mitaani, na ngozi iliyodhoofishwa navyo huungua upesi. Niliondoka siku hiyo bila kupakwa chochote, nikiwa na maagizo ya kuanza kujikinga na jua kila asubuhi na kusimamisha adapalini siku chache kabla ya tiba.

Alinifafanulia kwamba asidi hizi hutofautiana kwa kina zinachofika. Salisiliki ya 20% hadi 30% huishia tabaka la juu la ngozi, asidi ya traikloroasetiki ya 35% hufika tabaka la kati, na fenoli huzama zaidi na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa hufungwa mashine ya kuufuatilia. Katika kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kwa rangi yake na jinsi inavyoathiriwa na jua, ambacho kilipotungwa Marekani mwaka 1975 kilihusu watu weupe peke yao, mimi niliwekwa kundi la tano kati ya sita. Ngozi ya kundi hilo ikijeruhiwa hujibu kwa kuzalisha rangi zaidi, kwa hiyo asidi kali iliyokusudiwa kuondoa doa inaweza kuacha doa kubwa kuliko lile la awali. Salisiliki ilichaguliwa kwa sababu huyeyuka katika mafuta, na hivyo hupenya hadi ndani ya vinyweleo vilivyoziba.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Uso ulisafishwa mafuta yote, pembe za macho, pua na midomo zikapakwa vaselini, kisha asidi ikapitishwa kwa brashi huku feni ndogo ikinipuliza. Iliwasha kama pilipili iliyogusa mkwaruzo, halafu ule mwasho ukafa ganzi wenyewe, na usoni ukabaki unga mweupe, ambao ni asidi iliyoganda baada ya spiriti yake kukauka. Nilijulishwa kwamba asidi nyingine ya kubandua ngozi, glaikoliki, tofauti na hii, ni lazima izimwe kwa maji au bikaboneti kwa wakati wake, na anayechelewa kuizima humuunguza mgonjwa.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa na kazi. Ngozi ilikaza na madoa yakaonekana meusi zaidi, kisha ikaanza kubanduka kuzunguka mdomo, ambako kila kicheko huivuta. Nilikatazwa kuivuta kwa vidole, kuoga maji ya moto, kupaka kitu chochote chenye manukato na kufanya mazoezi ya kutoa jasho, na katika joto la jiji hili sharti hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mafuta ya kukinga jua ya kawaida yalinifanya nionekane nimepakwa majivu, hadi nilipopata yenye rangi ya ngozi, ambayo madini yake ya oksidi ya chuma huzuia pia mwanga unaoonekana, nao huongeza weusi wa madoa kwa watu wenye ngozi nyeusi. Ni ghali. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, na sioni sababu ya soko letu kukosa bidhaa ya hapa nyumbani inayotufaa sisi wengine.

Matokeo yalianza kuonekana baada ya kurudia tiba mara kadhaa, kila mara baada ya wiki chache. Madoa ya kahawia yamefifia kiasi kwamba sihitaji tena kuyafunika kwa vipodozi, na chunusi ndogo za puani zimepungua sana. Madoa ya zamani yaliyozama bado yapo, ingawa yamepungua ukali, na mashimo ya chunusi hayakubadilika hata kidogo, jambo ambalo daktari alikuwa amenitahadharisha tangu siku ya kwanza.

Lawama yangu ni kwa mapokezi ya kliniki, ambako nilishinikizwa kulipia awamu zote kwa mkupuo kwa ahadi ya punguzo, ilhali daktari mwenyewe alitaka kuukagua uso kwanza ndipo aamue kama kuna awamu nyingine. Niliuziwa pia wazo la kununua chupa nikajipake nyumbani. Asidi za nguvu hiyohiyo zinauzwa mitandaoni bila swali lolote, na Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake wasizitumie bila usimamizi wa mtaalamu. Nilikataa yote mawili, nikalipia kila awamu peke yake, na awamu ya mwisho waliyokuwa wamenipangia haikuhitajika.