Wincharger kuukuu ya volti 12: ya kufufua au ya vyuma chakavu?

Wincharger, jenereta ya upepo ya kuchaji betri, ilitengenezwa Sioux City, Iowa, nchini Marekani. Ilipata soko kubwa miaka ya 1930, ilipouzwa sambamba na redio za Zenith kwa wakulima ambao nyaya za umeme hazikuwa zimewafikia. Tunayoipima hapa ni ile ya volti 12, wati 200, yenye propela ya mbao ya mapanga mawili, upana wa mita 1.8 hivi. Dinamo yenyewe mara nyingi inafaa kufufuliwa. Propela na katauti yake ya zamani (swichi inayozuia umeme wa betri kurudi kwenye jenereta), usivitegemee.

Kipimo cha kwanza ni kuigeuza iwe mota. Toa propela, bana mwili kwenye jiriwa, kisha unganisha betri ya volti 12, chanya kwa chanya, kupitia fyuzi ya ampia 30. Iliyo nzima huzunguka laini, upande uleule ambao upepo huizungusha, ikila ampia chache tu. Ikistukastuka, au ikisimama kila mara mahali pamoja, kuna koili ya amecha (sehemu ya ndani inayozunguka) iliyokatika au iliyopiga shoti, na kuisuka upya ni gharama ambayo mashine ya wati 200 hairudishi. Isipozunguka kabisa, usiitupe bado: mara nyingi kaboni, zile zinazopitisha umeme kwa kusuguana na amecha, zimeganda kwenye vishikio vyake.

Komutata, yaani pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni husuguana nayo, isafishwe kwa msasa laini wa mchanga, si ule mweusi wa kusugulia chuma, kwa kuwa chembe zake hubaki kwenye mifereji na kuendelea kula kaboni. Maika, kihami kilicho kati ya vipande vya shaba, inatakiwa iwe chini ya uso wa shaba kwa karibu milimita 0.8. Ikiwa sawa na shaba, kaboni huruka na kutoa cheche. Ukinunua kaboni mpya, chukua zenye mchanganyiko wa shaba. Za grafiti tupu hupoteza karibu volti 1 kila moja, kwa hiyo jozi moja inameza volti 2 kati ya 12 kabla umeme haujatoka nje.

Ihami ya zamani (kinga ya nyaya za koili) ni ya kitambaa na hunywa unyevu. Pima kati ya koili na mwili. Chini ya megaomu 1, kausha kwa joto la nyuzi 70 hadi 80 kwa saa kadhaa, halafu pima tena. Beringi badilisha bila kujadiliana nazo.

Sasa izungushe kwa mashine ya kutobolea, ukiiongeza mwendo polepole, huku mita ikiwa kwenye nyaya. Ikikataa kutoa volti, sumaku iliyobaki kwenye chuma imeisha kwa kukaa miaka mingi. Gusisha betri kwenye fildi (koili zisizozunguka, zinazotengeneza sumaku) kwa sekunde moja au mbili, chanya kwa chanya. (Kile kipimo cha mota huwa kimeshafanya kazi hii; kama ulikosea chanya na hasi, umeigeuza sumaku hiyo.) Ikishatoa volti, ipe mzigo wa balbu tatu za taa kubwa za gari za wati 55, yaani ampia 14 hivi kwa jumla. Ikibeba mzigo huo kwa nusu saa bila harufu ya vanishi wala cheche nyingi, ni nzima.

Wengi huumia hapa. Aliyezoea jenereta za sumaku ya kudumu husimamisha propela kwa kuunganisha nyaya mbili pamoja. Wincharger hupata sumaku yake kutoka kwenye umeme wake yenyewe, hivyo ukizipigisha nyaya shoti, fildi inakufa, na breki inakufa nayo. Propela hubaki bila mzigo kwenye upepo mkali. Ukiikata betri wakati inazunguka, matokeo ni kinyume chake: volti hupanda bila kikomo na fildi huungua. Kwa hiyo breki ya mkanda wa chuma, inayovutwa kwa waya kutoka chini ya mnara, lazima ifanye kazi. Kidhibiti cha kuchaji cha sola pia hakifai, kwa sababu betri ikijaa huikata jenereta. Tumia kinachomwaga umeme wa ziada kwenye kipasha joto.

Katauti tunashauri kuibadilisha na diodi ya Schottky ya ampia 40, inayopitisha umeme upande mmoja tu, juu ya bati la kupoozea. Kwa ampia 15 na upungufu wa nusu volti, itatoa joto la wati 7.5. Fildi ibaki upande wa jenereta, kabla ya diodi, la sivyo betri itaivujia usiku kucha. Bila diodi wala katauti, upepo ukilala, betri itazungusha propela kama pangaboi.

Umbali wa mita 20 kutoka jenereta hadi betri ni mita 40 za shaba kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 10, ampia 15 hupoteza volti 1. Kwa milimita za mraba 2.5, hupoteza volti 4, na betri itachelewa sana kujaa. Ile ndugu yake ya volti 6 hudai waya mnene zaidi, na sisi tungeiachia makumbusho.

Mapanga mawili madogo ya bati yaliyokaa msalaba na propela ndiyo gavana: mwendo ukizidi, hufunguka na kuuvuruga upepo. Springi zake ziwe na nguvu sawa, la sivyo mnara wote hutikisika. Kwenye propela, chunguza chini ya bati la shaba linalolinda ukingo, maana mbao huozea hapo bila kuonekana.

Zile wati 200 huja kwenye upepo wa karibu mita 10 kwa sekunde. Kwenye mita 5, tarajia wati 40 hivi, ampia 3: zinatosha taa za LED na redio, si friji.