Taa ya ukungu kwa barabara za Goma na Bukavu: geuza taa, tazama kipumulio kabla ya kutoa dola

Malalamiko ya wasomaji wa Goma na Bukavu yanafanana. Jiwe la lava limepasua taa ya ukungu, mwenye gari kanunua nyingine, mvua chache zimenyesha, na ile taa mpya imejaa maji. Muuzaji anasema fundi kaifunga vibaya. Fundi anaipaka silikoni pande zote. Maji yanazidi.

Chanzo ni kitu ambacho wanunuzi wengi hawakitazami: kipumulio, yaani tundu dogo la kupitishia hewa mgongoni mwa taa. Ampuli (balbu) ya wati 55 ikiwaka, hewa iliyo ndani ya taa hupata moto na kutanuka. Gari likiingia kwenye dimbwi, maji baridi yanapiga kioo, hewa inasinyaa ghafla na taa inavuta kutoka nje. Yenye kipumulio huvuta hewa. Isiyo nacho, au ambayo chake kimezibwa, huvuta kupitia popote palipolegea: kwenye gundi ya kioo au kwenye mpira wa duara unaoshika ampuli. Na hapo ndipo matone yamesimama yakingoja. Ndiyo maana taa iliyozibwa kila upande ndiyo inayolowa zaidi, na ndiyo maana silikoni ya fundi inaharibu badala ya kuponya.

Silikoni yenyewe ina tatizo jingine. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula rangi ya fedha ya rifleta (kikombe cha ndani kinachoakisi mwanga) pamoja na shaba za plagi. Kama kuna ufa mdogo kwenye ukingo wa kioo na huna budi kuuziba, tafuta silikoni isiyo na harufu hiyo, paka kwenye ufa peke yake, na usiguse kipumulio.

Dukani, geuza taa utazame mgongo. Kipumulio huwa ni kimpira kifupi kilichopinda na kuelekea chini, au kifuniko kidogo chenye utando. Chenye kimpira ni rahisi kupima: toa ampuli, puliza kwenye kimpira, hewa ipite hadi ndani. Ukivua kimpira ukakuta kishina cha plastiki kisichotobolewa, rudisha taa mezani hata kama kioo chake kinang'aa.

Nafasi ya kwanza naipa Koito ya okazi (iliyokwisha tumika) kutoka Japani, wala sifichi upendeleo wangu. Kampuni hiyo ilianzishwa 1915 na hupeleka taa zake kiwandani Toyota, na magari mengi yanayozunguka hapa, kuanzia RAV4 na Noah hadi Harrier, ni Toyota. Jina limechapwa kwenye kioo chenyewe, pamoja na namba. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha na taa yako iliyovunjika, maana umbo likifanana tu halitoshi. Stanley na Ichikoh nazinunua kwa moyo uleule. Kwenye okazi kagua vitu vinne: rifleta isiwe na madoa meusi wala kubanduka, masikio ya kufungia skrubu yawe mazima, plagi isiwe imekatwa waya, na skrubu ya kurekebisha kimo cha mwanga izunguke. Rifleta yenye vumbi usiifute kwa kitambaa. Rangi ya fedha inatoka na kitambaa.

Nafasi ya pili ni taa mpya za Taiwan, DEPO au TYC. Ni chaguo la heshima, hasa kwa gari ambalo okazi yake imeadimika. Juu ya kioo tafuta herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha, kisha karibu yake herufi B au F3, alama za taa ya ukungu ya mbele. Kipumulio kikaguliwe hapa pia.

Zisizo na jina, za kwenye boksi jeupe: kama ni lazima, pima kipumulio na skrubu ya kimo. Zile taa za LED za mraba zinazofungwa popote hazikati mwanga kwa juu, kwa hiyo ukungu unageuka ukuta mweupe mbele yako. Rangi ya njano usiilipie zaidi.

Sasa ampuli, maana hapa taa nzuri nyingi zinauawa. H11 ni wati 55, H8 ni 35, H16 ni 19. Vitako vyake vinakaribiana sana, ila vijino vimepangwa tofauti kwa makusudi. Baadhi ya Toyota za miaka ya karibuni zinatumia H16 kwenye taa ndogo ya plastiki. Fundi akikata kijino kwa kisu ili H11 iingie, joto linakuwa karibu mara tatu: plagi inageuka kahawia, rifleta inajikunja, kioo cha plastiki kinavimba. Soma wati kwenye kitako cha ampuli ya zamani kabla ya kwenda sokoni Birere (Goma) au Kadutu (Bukavu). Ampuli ya LED ndani ya taa ya halojeni nayo haisaidii: joto lake linatoka nyuma, kioo kinabaki baridi na unyevu haukauki.

Na wauzaji. Ukiuliza taa moja, unaambiwa zinauzwa mbili mbili, wakati ya upande wa pili ni nzima. Ukionyesha gari, bei inapanda kulingana na gari. Bei inatajwa kwa dola, ukitoa faranga kiwango cha kubadilisha kinatungwa palepale. Kinachoniudhi zaidi ni kuambiwa taa ya gari la usukani wa kushoto ni ghali kwa sababu ni "maalumu". Hiyo ni kweli kwa taa kubwa, ambazo mwanga wake huinuka upande mmoja. Taa ya ukungu ya mbele hutandaza mwanga sawa kushoto na kulia; ya gari la usukani wa kulia inafaa kabisa kwenye barabara zetu, mradi namba ni ileile. Muuzaji akikataa kuijaribu kwenye betri, nenda duka la jirani.

Kuifunga si kazi kubwa. Zungusha usukani upande wa kinyume ili tairi likupe nafasi, toa vibanio vya mbele vya plastiki ya ndani ya bawa (bodi iliyo juu ya tairi), ukunje kwa mkono. Bonyeza ulimi wa plagi kabla ya kuvuta. Ukivuta waya, utanunua na plagi. Fungua skrubu, weka taa mpya, ingiza ampuli kwa robo mzunguko bila kugusa kioo chake kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huchoma sehemu moja ya kioo na kukipasua. Hakikisha mpira wa duara haujakunjika na kipumulio kinatazama chini. Isipowaka, pima volti 12 kwenye plagi, kisha fyuzi, kisha masi (waya unaorudi kwenye bodi ya gari), kabla ya kuilaumu taa.

Mwisho, kimo. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, na chora alama kwenye usawa wa kitovu cha taa. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama. Kabla ya kuosha gari ziwani au kupita dimbwi refu, zima taa. Kwa kuosha, ngoja zipoe. Ukungu mwembamba ndani ya kioo unaoondoka taa zikiwaka nusu saa ni wa kawaida. Matone yanayotiririka na kukaa chini si ya kawaida: rudi kwenye kipumulio, mara nyingi kimejaa matope, na sindano isiyo kali pamoja na maji safi vinatosha kukifungua.