Spika imekataa kuwaka: ununue nini kwanza?

Spika yenye amplifaya ndani ikigoma kuwaka, wengi hapa Mombasa hukimbilia Digo Road au Mwembe Tayari kuulizia bei ya nyingine. Tafadhali usianzie huko. Mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo sana, na pesa ya spika mpya ina kazi nyingine nyumbani. Nimepanga hapa vya kununua, kuanzia cha kutangulia hadi cha mwisho kabisa.

Kabla ya kutoa shilingi, chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama kuna stima. Kisha upige muziki na uongeze sauti kwenye miksa, maana spika nyingi za siku hizi hujizima zenyewe zikikaa bila muziki.

Cha kwanza ni waya wa stima. Spika nyingi kubwa hutumia ule wa matundu matatu, sawa na wa kompyuta ya mezani, kwa hivyo azima wa jirani ujaribu kwanza. Hewa yetu ya chumvi hula pini zikaota ukijani, na waya unaonekana mzima kumbe haupitishi kitu. Dukani chagua ulio mzito mkononi, wenye plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani.

Cha pili ni fyuzi ya spika yenyewe, na hapa ndipo watu huharibu. Chomoa waya. Pale unapoingilia, spika nyingi zina droo ndogo. Ibinue kwa bisibisi bapa. Utakuta fyuzi ya kioo, urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 5, na kwenye kofia yake ya chuma pameandikwa kitu kama T3.15A 250V. Nunua yenye maandishi hayo hayo. Herufi T ni ya fyuzi inayovumilia kishindo cha kuwashia. Ukipewa F, huenda ikakatika mara tu ukiwasha, na spika haina kosa. Usiweke ya ampea kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara. Tazama pia ile ya zamani: uzi ukiwa umekatika na kioo ni safi, jaribu nyingine. Kioo kikiwa cheusi, huenda kuna shoti ndani na mpya nayo itaungua, basi mpelekee fundi. Kama droo haipo, huenda fyuzi imo ndani, na hiyo pia ni kazi ya fundi.

Cha tatu ni kinga ya stima, aina ile tunayowekea friji. Naiweka mbele ya matengenezo makubwa kwa makusudi, kwa sababu bodi mpya bila kinga inaweza kuungua vile vile. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, kinga hukata, husubiri itulie, ndipo hupitisha. Hakikisha inabeba wati za spika yako. Kwenye harusi za jenereta, acha injini itulie kwanza ndipo uwashe spika.

Cha nne ni bodi ya pawa, ile inayogeuza stima kwa ajili ya amplifaya. Usifungue mwenyewe: kapasita zake, yaani vile vikopo vinavyoweka chaji ya stima, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mwambie fundi akuonyeshe kilichokufa, kapasita iliyotuna kichwa au alama ya kuungua, na akurudishie vifaa vya zamani. Bei ya bodi pamoja na kazi ikizidi nusu ya bei ya spika mpya, mimi ningeacha.

Hapo tu ndipo spika nyingine inaingia, na iwe mpya yenye risiti na garantii ukiweza. Ukipenda ya mtumba, soma nyuma kabla ya kuchomeka. Stima yetu ni volti 240. Iliyoandikwa 115 peke yake iache, na yenye swichi ya 115/230 ihakikishe iko upande wa 230. Kagua skrubu, zikiwa zimekwaruzwa vichwa imeshafunguliwa. Mwombe mwenye duka aipige kwa sauti kubwa robo saa, aizime, aiwashe tena ikiwa bado moto. Akikataa, nenda duka la pili.