Jiko la Akka, Greams Road, Chennai: nyota nne, na ya tano nitaieleza

Haupiti mwezi bila mtu kunitafuta kuniuliza habari za matibabu ya Chennai, kule India. Ana mgonjwa, kapata rufaa, hajui afikie wapi wala atakula nini. Hospitali siwezi kumchagulia mtu. Gesti za Greams Road nazo zinafanana, tofauti yake feni. Ila jiko hili, linalogawa chakula bure, nitalisema kwa urefu, maana mama yangu leo yupo Tanga anapalilia mchicha wake, na chakula cha jiko hili kina sehemu katika hilo.

Jina lake halisi silitaji. Wenyewe walinikataza, na sababu mtaiona.

Tulifika mwisho wa Februari 2020. Mama alikuwa na saratani ya shavu, akapangiwa mionzi 30, siku tano kwa juma. Hajafika hata nusu, India ikafungwa tarehe 25 Machi. Ndege hakuna, mikahawa imefungwa, na sisi wageni tunatazamwa kama ndio tuliokuja na ugonjwa. Mwenye gesti ya kwanza alitutaka tuondoke siku hiyo hiyo. Ya pili ilitupokea. Tulikuwa wagonjwa kumi na mmoja na jamaa zao, wengi Wabangladeshi, Waomani wawili, na sisi. Siku ya tano nilikuwa nampikia mama mchele mtupu kwenye birika la umeme.

Mlango ukagongwa. Nafungua, mlangoni hakuna mtu. Kwenye kiti cha plastiki limetandikwa gazeti safi, juu yake vifurushi viwili vya jani la mgomba vimefungwa kwa uzi, bado vya moto, gazeti limeanza kulowa kwa mvuke. Hatua nne nyuma amesimama mwanamke mtu mzima, sari ya pamba, barakoa ya kitambaa, viganja amevikutanisha kifuani na macho kayainamisha. Nikamwambia asante. Akajibu kwa Kiingereza kwamba wa kushukuru ni yeye. Niliona ni adabu tu za maneno.

Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Jiko ni lake, na vijana wanaomsaidia wanamwita Akka, yaani dada mkubwa kwa Kitamil, nasi tukamwita hivyo.

Sasa chakula chenyewe. Mchana ni wali na sambar, mchuzi wa dengu na mboga wenye ukwaju. Jioni wali na rasam, supu nyepesi yenye pilipili manga na mvuje. Mama alipoinusa mara ya kwanza alishtuka, akasema, "Mwanangu, huu si mvuje wa kufukizia watoto wachanga?" Ndio huo huo. Kwa mtu mzima ni chakula kizuri, chepesi, na jani la mgomba linakipa harufu yake. Kwa mtu aliyechomwa mionzi mdomoni, siku tatu za kwanza kilikuwa moto. Mama alilia kwa sambar ile. Niliona vibaya kulalamikia cha bure, lakini nilimwambia Akka. Hakujitetea. Jioni ile ile kilikuja kifurushi chenye alama ya X ya kalamu nyekundu: wali umepondwa hadi umekuwa laini kama uji, umechanganywa na mtindi, chumvi kidogo, hamna pilipili wala haradali. Kifurushi chenye X kilikuja kila siku hadi tulipoondoka, mwezi Juni, na hakikuwahi kukosewa hata mara moja.

Nilimuuliza siku moja, yeye kwenye ngazi na mimi mlangoni, kwa nini anasimama vile kama mkosaji. Akanieleza kuhusu Taittiriya Upanishad, maandiko ya kale ya Wahindu, pale mwalimu anapomuaga mwanafunzi aliyehitimu. Anamwambia mama awe kwako kama mungu, baba vilevile, mwalimu vilevile, na mgeni vilevile. Kisha anamfundisha namna ya kutoa: toa kwa imani, bila imani usitoe, toa kwa haya. Lile neno la haya halikuhitaji kufafanuliwa kwa mtu wa pwani. Kwetu haya tumezoea kuiona kwa anayepokea, mtu anapita mlango wa nyuma na bakuli lake chini ya kanga. Kwa Akka haya ni ya anayetoa, kwa sababu anachotoa hakitoshi na hakikuwa chake.

Nililielewa vizuri zaidi walipokuja watu wengine, si wa jiko hili. Walikuja na bango, wakatupanga uani juani wagonjwa wote kumi na mmoja, kila mtu ashike mfuko wa mchele mbele ya kamera. Mama nywele zilikuwa zimekatika, mtandio ukamteleza, wakapiga picha hivyo hivyo. Akka alipopata habari alinyamaza muda mrefu. Akasema Bhagavad Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu, sura ya 17, inataja utoaji wa aina tatu, na wa chini kabisa ni ule wa kumtolea mtu bila heshima na kwa dharau. Jiko lake halina bango hadi leo. Ukutani ipo picha moja tu, ya Vallalar, mtakatifu wa Kitamil aliyejitanda shuka jeupe, ambaye mwaka 1867 aliwasha meko ya kulisha wenye njaa kule Vadalur. Moto ule haujazimwa mpaka sasa.

Na si chakula peke yake. Kijana mmoja wa jiko, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akifagia ukumbi wetu na kuosha vyoo vyote kila Jumamosi kwa dawa. Yeye mfano wake ulikuwa tauni ya Calcutta ya mwaka 1899, wafuasi wa Vivekananda, mtawa wa Kihindu, walipoingia vichochoroni kuzoa uchafu, na Sister Nivedita, mwanamke mzaliwa wa Ireland, akashika fagio mwenyewe. Choo cha watu wagonjwa, wengine wanatapika kwa dawa, mtoto wa watu anakiosha akiimba.

Ramadhani ilituingilia mle mle, na siku nne, 26 hadi 29 Aprili, Chennai ikafungwa kabisa, hata maduka ya vyakula. Watu wa jiko walikuwa na kibali, wakaja. Nilipowaambia nimefunga, chakula cha jioni kikasogezwa kifike kabla ya magharibi, na ndani yake ndizi mbili na mtindi wa daku. Siku ya tatu ukaja na uji wa futari, nombu kanji wanavyouita Waislamu wa kule, wenye tangawizi na dengu. Akka alikuwa amekwenda kujifunza kwa jirani yake Mwislamu. Nimekua nikisikia "Baniani mbaya kiatu chake dawa", na nimeisema mwenyewe mara nyingi. Sasa haitoki tena kinywani mwangu.

Mei waliposhindwa kupata mboga, kwa sababu soko la Koyambedu lilikuwa limesambaza maambukizi na likafungwa, sambar ilikuwa dengu na mabiringa wiki nzima. Hilo siwahesabii.

Ninalowahesabia ni mayai. Daktari alitaka mama ale mayai mawili kila siku apate nguvu. Jikoni mle nyama haiingii, samaki haingii, yai haliingii. Akka aliniambia wazi kwamba hilo haliwezekani, na nilikasirika. Kama mgonjwa ndiye mungu aliyekuja mlangoni, si apewe anachohitaji? Nilimwambia hivyo. Hakunijibu. Kesho yake yule kijana wa vyoo aliacha trei ya mayai 30 getini, kwa pesa yake, na hakutaka kuyazungumzia. Nayachemsha kwenye birika. Lakini si kila mgonjwa atapata kijana kama yule, na kwa hilo nyota ya tano naizuia.

Tulirudi Chennai mwaka 2023 kwa uchunguzi wa mama, tukaenda. Siku hizi wanapika mchana tu, kwa jamaa za wagonjwa wasio na uwezo. Ukifika Greams Road uliza wenye gesti, wanalijua. Fika kabla ya saa sita na chombo chako chenye mfuniko. Hela hawapokei mkononi. Ukitaka kusaidia, peleka vitunguu au nenda asubuhi ukakate mboga. Kama mgonjwa wako ana vidonda mdomoni, sema mapema.

Mama alikataa kuondoka bila kuosha sufuria. Akka alimtafutia kigoda, akamfungulia bomba, akakaa chini sakafuni kando yake akisuuza. Mmoja Kitamil, mmoja Kiswahili, na sufuria zilikuwa sita.