Niliuziwa seva kubwa kwa kosa la alama mbili za mtajo

Nilikusudia kuipa huduma hii ya kukodisha kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta) nyota tatu, kwa kuwa haijawahi kuzimika tangu tuhamie, lakini kila nikikumbuka sentensi moja ya mhudumu wao mkono unakuwa mzito.

Ofisi yetu inakata tiketi za mabasi, na jedwali la abiria limepita mistari milioni 30. Miezi kadhaa iliyopita, kumtafuta abiria kwa namba yake ya simu kulianza kuchukua karibu dakika nzima, huku karani wa Mbezi akiwa na foleni dirishani na mama mmoja aliyepoteza tiketi akiuliza kama basi litamsubiri. Nikafungua ombi la msaada. Nikajibiwa kwamba jedwali letu ni kubwa, tulipie kifurushi cha juu, chenye seva kubwa zaidi. Nilipomweleza mhudumu kwamba safu ya simu ina faharasa, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji kama ile ya mwisho wa kitabu, na nikamwomba anisaidie kuelewa kwa nini haitumiki, alijibu: "Ndugu mteja, hapa si shule."

Tukalipia, tukapunguza sekunde chache tu.

Usiku mmoja, kwa hasira zaidi kuliko kwa maarifa, nilitanguliza neno EXPLAIN, linaloifanya kanzidata ieleze itakavyotafuta, mbele ya ulizo lile (amri ya kumtafuta abiria). Faharasa ilitajwa miongoni mwa zinazoweza kutumika, lakini kwenye iliyochaguliwa pakaandikwa NULL, yaani hakuna, na aina ya usomaji ikawa ALL, yaani MySQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, ilikuwa ikipitia jedwali zima mstari kwa mstari. Amri ya SHOW WARNINGS, inayoonyesha maonyo, ndiyo iliyoniumbua: safu ya simu ni ya maandishi, ilhali fomu mpya niliyoiandika mimi mwenyewe ilikuwa ikipeleka namba bila alama za mtajo zinazoonyesha kwamba ni maandishi. Maandishi yakilinganishwa na namba, MySQL hugeuza kila mstari kuwa namba kwanza, na faharasa haimfai tena. Sifuri ya mwanzo ilipotea pande zote mbili, kwa hiyo abiria alipatikana yuleyule, na ndiyo sababu hakuna aliyeshuku kitu. Nilipoweka alama hizo, ALL ikawa ref, yaani usomaji kupitia faharasa, mistari ya kusomwa ikawa minne, na jibu likaja kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi.

Kwa haki, basi, kosa lilikuwa langu, na orodha ya maulizo ya polepole ilikuwapo kwenye ukurasa wao muda wote. Ningeitazama mapema ningeokoa fedha. Hapo nilirudi kwenye nyota tatu, hata nikafikiria nne.

Kisha nikaomba turudishwe kwenye kifurushi cha zamani. Kupanda kulichukua dakika kumi. Kushuka, nimeambiwa, hakuwezekani mpaka mkataba mpya uishe. Aliyenijibu ni yuleyule. Nyota moja.