Programu za kunoa picha za anga kwa dekonvolusheni: ipi inastahili fedha yako

Kila nyota ni nukta, lakini kwenye picha hutokea kama duara lenye ukungu. Hewa inatikisika, lenzi zina kasoro zake, mota ya darubini haifuati anga kwa usahihi kamili. Ukungu huo una umbo linalopimika, nalo programu huliita PSF. Dekonvolusheni hulichukua umbo hilo na kukokotoa kinyumenyume, mwanga uliotawanyika urudi ulikotoka. Kanuni inayotumika zaidi, ya Richardson na Lucy, ni ya mwaka 1972 na 1974. Wanasayansi wa Hubble waliitegemea sana kati ya 1990 na 1993, wakati kioo chenye dosari kilikuwa hakijarekebishwa.

Kabla ya kutoa senti, fanya hesabu hii: 206.265 mara ukubwa wa pikseli kwa mikromita, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Kamera ya pikseli za mikromita 3.76 kwenye darubini ya milimita 400 inatoa sekunde za tao 1.94 kwa pikseli (sekunde ya tao ni sehemu moja kati ya 3600 za digrii). Hewa ikitawanya nyota kwa sekunde za tao 3, nyota yako ina upana wa pikseli moja na nusu tu, na programu haina umbo la kusoma. Mwenye vifaa hivyo asinunue chochote kwa ajili ya kunoa. Afanye dither wakati wa kupiga (kusogeza darubini kidogo kati ya picha na picha), kisha drizzle wakati wa kuunganisha (kuziunganisha picha hizo kwenye gridi ya pikseli ndogo zaidi). Kamera ileile kwenye milimita 1000 inatoa 0.78, na nyota inakuwa karibu pikseli 4. Hapo ndipo dekonvolusheni inafanya kazi yake. Tunapendekeza FWHM, yaani upana wa nyota kwenye nusu ya kilele cha mwanga wake, ya pikseli 3 hadi 5.

Ya kwanza kwenye orodha yetu ni Siril, nayo ni bure. Inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2023 kifaa chake cha dekonvolusheni kimekuwa cha kutegemewa kweli. Tunaiweka juu kwa sababu inakuonyesha kila hatua, na anayejua hatua hizo hatadanganywa na programu ya bei.

Fungua picha iliyounganishwa ya biti 32, ikiwa bado kwenye mwangaza wake wa asili. Kata kingo, ondoa mteremko wa mwanga wa mji, lakini usipunguze chenga (noise) na usinyooshe histogramu, yaani usiangaze picha kwa kuvuta viwango vya mwanga wake. Ukishanyoosha, uwiano kati ya kiini cha nyota na ukungu wake umeharibika na hesabu yote inakuwa batili. Tafuta nyota kwa Dynamic PSF, kifaa cha Siril cha kupima nyota, ukitumia mkunjo wa kihesabu wa Moffat, ambao mabawa yake yanafanana na nyota halisi kuliko ule wa Gauss. Ondoa kwenye orodha nyota zilizoungua, kwa kuwa vilele vyake vimekatwa na vitapanua PSF kupita kiasi. Kisha fungua dirisha la dekonvolusheni, tengeneza PSF kutokana na nyota hizo, chagua Richardson-Lucy pamoja na Total Variation (inayozuia chenga kukua), uanze na mizunguko 10. Kuza picha hadi asilimia 100 na uitazame kabla ya kuongeza.

Ukiona pete nyeusi kuzunguka nyota angavu, usishangae: kikomo cha kamera kimekata data, na kanuni inalazimisha thamani kushuka pembeni ili hesabu ilingane. Hifadhi PSF kwenye faili, tenganisha nyota kwa StarNet, programu ya kuondoa nyota kwenye picha, ukiwa umewasha chaguo la kunyoosha kwa muda, noa nebula peke yake kwa PSF uliyohifadhi, halafu rudisha nyota. Pete zinakwisha. Ukiona mandharinyuma imejaa vijimistari kama minyoo, ujue chenga zimenolewa pamoja na picha: punguza mizunguko, au ongeza saa za kupiga. Kumbuka kwamba kuongeza uwiano wa mwanga halisi dhidi ya chenga mara mbili kunadai muda mara nne, na hakuna leseni inayofuta deni hilo.

Nafasi ya pili ni BlurXTerminator ya Russell Croman, takriban dola 100. Kwa matokeo peke yake ndiyo bora kuliko zote hapa. Mtandao wake wa neva ulifunzwa kwa picha za Hubble na James Webb, unapima PSF sehemu kwa sehemu, na hurudisha kuwa duara nyota za pembeni zilizovutwa, jambo ambalo PSF moja ya Siril haiwezi. Kinachoishusha ni gharama ya jumla: inafanya kazi ndani ya PixInsight, programu ya kuchakata picha za anga, ambayo leseni yake ni karibu euro 300 kabla ya kodi. Aliye nayo tayari asisite. Anza na chaguo la Correct Only uone nyota zimekuwa duara, kisha noa nyota kwa 0.25, na nebula usivuke 0.90. Bila kadi ya michoro inayoharakisha kazi hiyo, picha kubwa itachukua dakika kadhaa.

Usinunue PixInsight kwa ajili ya kifaa chake cha zamani cha Deconvolution. Ni kizuri, ila kinadai barakoa (mask, ya kukinga sehemu za picha) na marekebisho mengi kufikia matokeo ambayo Siril inayatoa bure.

Ya tatu, Cosmic Clarity ya Seti Astro, nayo ni bure na ya mtandao wa neva. Inanoa nyota na visivyo nyota kila kimoja peke yake, na Siril inaweza kuiita kwa skripti. Weka nguvu 0.5 mwanzoni; ikipandishwa sana hutengeneza nyuzi ndani ya nebula ambazo anga haina. Jaribio la haki ni Nebula ya Orion, ambayo hupita karibu utosini ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, kwa hiyo unaipiga kupitia hewa nyembamba kabisa. Linganisha na picha ya Hubble ya eneo hilohilo. Nyuzi isiyokuwepo kule ni ya uongo, ifute.

StarTools ya Australia inafuata, kwa bei ndogo kuliko PixInsight. Dekonvolusheni yake nayo hubadilika kulingana na sehemu ya picha, ila mtiririko wake wa kazi ni wa kipekee na unahitaji subira kuuzoea. Toleo la majaribio halihifadhi picha.

Kwa sayari, mwezi na jua usitumie yoyote kati ya hizo. RegiStax kwa sayari na ImPPG kwa jua na mwezi zinatosha, na zote ni bure.

Mwenye nia ya kulipa aombe kwanza leseni ya majaribio ya PixInsight, siku 45, maana ndiyo msingi. Ikishafika ndipo achukue ya BlurXTerminator, siku 30, akiwa na data safi ya darubini yake mwenyewe tayari kwenye diski.