Katuni au picha: nani alielezea vizuri ugonjwa wa miguu na midomo Uingereza 2001?

Mi nikikumbuka 2001 kinachonijia kwanza ni picha, sio katuni. Mizoga imerundikwa, miguu imekakamaa inaangalia juu, moshi mweusi nyuma yake, yaani huhitaji hata maelezo. Na zaidi ya mifugo milioni 6 ilichinjwa, sasa namba kama hiyo utaichoraje?

Ila picha zinadanganya kidogo. Ukiona moto ule unadhani ugonjwa ndio umeua wote, kumbe ng'ombe wakubwa wengi huwa wanapona, waliuawa ili virusi visisambae, na wengine hawakuwa hata wagonjwa, walikuwa tu jirani na shamba lenye ugonjwa. Uamuzi wa serikali haupigiki picha.

Hapo ndo katuni inashinda. Uchaguzi ulisogezwa toka Mei 3 hadi Juni 7 kwa sababu ya ugonjwa, basi mchoraji anaweka sanduku la kura na moshi kwenye fremu moja, kamaliza, wakati mpiga picha hapati hiyo hata akikesha. Tatizo ni ule utani wa wachoraji wa "mguu mdomoni", unaochezea jina la ugonjwa, kwa Kiingereza ni mwanasiasa aliyeropoka, ukiutoa kwenye lugha yao unakufa palepale.

Lakini kusukuma watu? Picha bwana. Phoenix, yule ndama mweupe wa Devon aliyekutwa hai pembeni ya mizoga, alijaa magazetini Aprili na serikali ikalegeza masharti ya kuchinja. Katuni gani iliokoa ndama?